Bwambale wa Historia

Jiwe lilifika Rukoki likiwa limelazwa juu ya majani ya mgomba ndani ya pikapu, na fundi aliyelileta akauliza, hata kabla ya kupewa maji ya kunywa, aandike nini sehemu iliyobaki. Juu alikuwa amekwisha kuchonga jina la Bwambale na mwaka wa kuzaliwa. Chini palikuwa patupu. Tulisimama nyuma ya nyumba ya kwao, mahali ambapo hakuna kaburi, bali sakafu ndogo ya saruji iliyomwagwa ili jiwe lipate pa kukaa. Masereka, mzee sasa, mwenye fimbo na kofia ya sufu hata mchana, alinigeukia. Yeye ndiye mdogo wake Bwambale, na ndiye aliyenipigia simu nije. "Dada Biira," alisema, "sisi wote hapa tunasimulia tu. Wewe ndiye uliyekuwepo. Sema, fundi aandike." Mtoto wa kaka yao mkubwa, mwalimu wa sekondari, alikuwa tayari na maneno yake: kwamba Bwambale aliuawa akitetea haki za watu wake. Yalikuwa maneno mazuri. Niliomba nikae kwanza. Nililetewa kiti cha plastiki, nikakaa nikitazama saruji ile, lakini kwa mawazo nilikuwa nimerudi Mpondwe, mpakani, mwaka ule uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi, mimi nikiwa msichana wa jikoni.

Tuliita hoteli, lakini ilikuwa chumba kimoja cha kulia chakula, jiko la kuni nyuma yake, na vyumba viwili vya kupangisha vilivyotazamana na choo. Mwenyewe alikuwa Mama Zaina, Mwislamu wa Kasese, mjane, aliyenichukua nilipomaliza darasa la sita na hapakuwa na la saba. Mbele yetu ilipita barabara ya kutoka Bwera kwenda forodhani, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ilikuwa Zaire, ingawa sisi wote tuliendelea kusema Kongo. Siku za soko nilianza kuwasha moto kukiwa bado na ukungu. Tulipika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, maharage, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi ya Katwe, na kwa ajili ya Wakongomani tulipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa laini kama uji. Sukari ilikuwa imeadimika mwaka huo. Mama Zaina aliificha chini ya kitanda chake na kuitoa kwa kijiko, na wateja walilalamika kila asubuhi kwa maneno yaleyale, kana kwamba kulalamika nako ni sehemu ya chai.

Lazima nieleze majina yetu, kwa sababu bila hayo hakuna kitakachoeleweka. Sisi Wakonzo hatuchagui jina la kwanza la mtoto. Analikuta. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira kama mimi, kisha Kabugho, kisha Mbambu. Ndugu zetu Wanande wa ng'ambo wana mpangilio huohuo, matamshi tu yanabadilika kidogo. Kwa hiyo pale hotelini, ukiita Bwambale, wangeinua vichwa watu wanne. Tuliwatofautisha kwa kazi zao. Kulikuwa na Bwambale wa matairi, Bwambale wa forodha, Bwambale wa kahawa, ambaye kila mtu alijua kahawa yake ilivuka mto bila kupita forodhani, na mvua za Machi zilipoanza akaja wa mwisho, akiwa na sanduku la bati na koti lililokuwa fupi mikononi. Alikuwa anasoma historia chuo kikuu, Kampala. Walimu wake walikuwa wamempa miezi ya kuzunguka kukusanya maneno ya wazee kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Alipanga chumba kile kilichokuwa karibu zaidi na jiko. Kilinuka magunia na moshi wetu, na kitanda kilikuwa mbao zilizowekwa juu ya matofali. Alipoulizwa kama kinamfaa alisema kinamfaa, na jioni akaazima nyundo.

Walimcheka tangu siku ya kwanza. Wa mbele alikuwa Haji Musa, mwenye lori lililobeba muhogo na chumvi kati ya Mpondwe na Kasese, mtu mnene aliyekula polepole na kusema upesi. "Angesoma udaktari, angenitibu huu mgongo," alisema akimgeukia mwenzake kana kwamba Bwambale hayupo. "Angesoma sheria, angeniombea kwa watu wa ushuru. Sasa historia! Lori langu ikikwama kwa matope, huyu ataniambia ilikwama mwaka gani."

"Nitakuambia pia nani alipita hapo mbele yako asikwame, Haji," Bwambale alijibu.

"Na kwa nini hakukwama?"

"Alishuka akauliza wenyeji."

Hoteli nzima ilicheka, na Haji alicheka zaidi ya wote, akapiga meza mpaka mchuzi ukamwagika. Papa Anselme hakucheka. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki aliyevaa rozari shingoni nje ya shati, na alikuwa amevuka mpaka ule mara nyingi akikimbia vita vya kwao. "Weye mutoto," alisema, "mi niko nakuuliza kabisa, si kwa mchezo. Ile mambo ya zamani inalisha mutu? Mi nimeacha nyumba mbili. Nimeacha kaburi ya bibi yangu. Ule mwenye kusahau, ule ndiye iko analala muzuri."

Bwambale alimsikiliza mpaka mwisho. Alinawa, akakunja mikono ya koti, akala. Baadaye aliponiletea sahani jikoni, maana alikuwa mteja pekee aliyeleta sahani yake mwenyewe, alisema, "Yule Papa ameniuliza swali ambalo walimu wangu hawajawahi kuniuliza. Sina jibu lake."

Nilianza kumpenda kwa ajili ya hilo, nafikiri. Sikuwa nimezoea mwanamume aliyesoma aseme hana jibu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko wakati mimi nachambua maharage, akanisikiliza nikimwambia habari za soko, na hapo ndipo aliponiudhi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikimsimulia jinsi mpagazi mmoja alivyopigwa forodhani mpaka akazirai. "Ulimwona?" aliuliza. Nikasema watu wote wanajua. "Watu gani?" Nikasema Mama Zaina. "Mama Zaina alimwona?" Niliinamia maharage yangu. "Basi sema, nimeambiwa na Mama Zaina," alisema. "Si kwamba ni uongo. Huenda ni kweli tupu. Ila ukisema kama uliyeona, nami nikasema hivyohivyo, na wa tatu naye, kesho hatutajua tena tulianzia wapi." Nilimwambia kwamba kwa mtindo huo watu watakosa cha kuzungumza. Akasema hiyo pia inawezekana. Lakini kuanzia hapo nilijikuta, hata nikiwa peke yangu, nikijipima: hili niliona, hili niliambiwa, hili nadhani. Shule yangu iliishia darasa la sita, halafu ikaendelea kidogo pale jikoni.

Mara kadhaa Mama Zaina aliniruhusu nimsindikize, kwa sababu bibi wazee hawakupenda kukaa na kijana peke yake. Tulipanda lori la Haji hadi Kasese, na mara moja tulifika mpaka Karusandara, kwa bibi mmoja aliyeishi na wanawe kando ya mashamba ya mahindi. Tulisalimiana, tukapewa ndizi za kuchoma na chai isiyo na sukari. Mabinti zake wawili walikuwepo, wanawake wazima, mmoja anaitwa Masika na mwingine Mbambu. Mimi niliwasalimu na sikuwaza chochote. Bwambale aliuliza mambo mengi ya zamani, ya njaa, ya machifu, ya njia walizopita, na bibi alijibu kwa mkato huku akipukuchua mahindi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nyanya, Biira yuko wapi?"

Nilidhani ananiita mimi. Nusura nijibu. Halafu nikaelewa, na nikaona aibu ya kutoelewa mapema, mimi niliyekuwa na jina lilelile. Masika ni wa kwanza, Mbambu ni wa nne. Katikati walikosekana wawili.

Bibi aliendelea kupukuchua. Bwambale hakusema tena. Hii ndiyo kazi yake niliyoiona kwa macho yangu: alijua kuuliza, na akishauliza alijua kungoja. Mimi ningejaza ukimya ule kwa maneno yoyote. Yeye aliuacha ukae. Hatimaye bibi akaweka gunzi chini, akasema kwamba walipohamishwa kutoka nchi ya chini kando ya ziwa, sehemu ambayo sasa ni mbuga ya wanyama, wasichana wawili waliugua njiani, Biira na Kabugho, wakazikwa kando ya njia, na msafara haukusimama. Alisema Biira alikuwa mwoga wa vyura. Alisema Kabugho alikuwa bado ananyonya. "Hakuna aliyeniuliza tangu siku ile," alisema. Masika, ambaye mwenyewe alikuwa na wajukuu, alifunika mdomo kwa kanga. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akijua hesabu ya majina haikamiliki, na hakuwahi kumuuliza mama yake.

Tuliporudi juu ya lori, tumekaa kwenye magunia, nilimuuliza atafanya nini na maneno yale. "Nitaandika kwamba walikuwepo," alisema. Nikamuuliza hiyo itamsaidia nini yule bibi. Alifikiri mpaka tukapita Kasese. "Yeye amesaidika leo, labda," akasema. "Hawa wengine ndio sijui. Mimi mwenyewe sijui, Biira. Najua tu kwamba siwezi kuacha." Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema kwamba akimaliza mtihani atawatuma wazee wake kwetu, kama sina kipingamizi. Nilisema sina. Hayo ndiyo yote tuliyosemezana kuhusu jambo hilo. Kwa miezi iliyobaki nilimpikia kama mtu ambaye siku moja atakuwa wangu, na yeye aliendelea kurudisha sahani jikoni, akikaa kidogo zaidi kuliko zamani.

Sasa nifike pale ambapo kila mtu ananitaka nifike. Ilikuwa siku ya soko, mchana, msimu wa kahawa. Bwambale alikuwa amebakiza siku chache arudi Kampala. Alikaa meza ya karibu na mlango wa jiko, mbele yake bundu na samaki, na alikuwa ameshanawa. Haji alikuwepo, Papa Anselme alikuwepo. Waliingia askari watatu, wageni, si wale wa forodhani tuliowajua. Yule wa mbele alisema, "Nani Bwambale hapa?"

Watu walitazama sahani zao. Haji, ambaye aliamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kulainishwa kwa maneno, alisema, "Bwambale gani, afande? Hapa kila nyumba iko na Bwambale."

"Wewe nacheza na mimi?"

"Hapana, afande."

Sote tulijua wanamtafuta wa kahawa. Hilo nadhani, hawakusema. Wa kahawa hakuwepo, alikuwa ng'ambo. Bwambale wangu alisimama. Alisema kwa heshima, "Mimi pia naitwa Bwambale, afande. Lakini kwetu ni jina la mtoto wa pili. Kila mwanamke mwenye wavulana wawili ana Bwambale. Mkitaka mtu fulani, lazima muulize pia jina lake la pili, au baba yake." Alisema kama alivyozoea kuwaeleza wageni, polepole, na kila neno lilikuwa kweli. Mtu mmoja nyuma alicheka. Sikumwona ni nani. Kilikuwa kile kicheko cha woga kinachomtoka mtu bila kutaka. Uso wa askari ulibadilika.

"Wewe ni mwalimu?"

"Mwanafunzi, afande."

"Nasoma nini?"

"Historia."

Askari aliwatazama wenzake. "Sawa, mwalimu," akasema. "Twende. Utatufundisha huko mbele."

Bwambale alinitazama, akaitazama sahani yake, akasema, "Ifunike." Kisha akatoka katikati yao. Hakuvaa koti. Nilisikia gari likiwashwa na likielekea upande wa Bwera. Baadaye mmoja wao alirudi akachukua sanduku la bati pamoja na karatasi zote zilizokuwa ndani. Sijui zilikwenda wapi. Niliifunika sahani kwa sahani nyingine. Mama Zaina hakuniruhusu kuimwaga, nami sikutaka kuimwaga, mpaka harufu ilipotulazimisha.

Haji aliacha kula kwetu kwa muda mrefu. Aliporudi alikaa meza ileile, akasema bila kunitazama, "Ile kusoma ndiyo imemuua. Angesema tu, mimi siye, mimi Bwambale wa matairi. Angesema uongo kidogo kama sisi." Papa Anselme akamwambia, "Nyamaza, Haji. Mutoto alisema kweli, basi." Nimebishana na maneno ya Haji maisha yangu yote. Kuna miaka niliyoamini kwamba alikuwa sahihi. Kuna usiku ninaoamini bado.

Kisha zikaja habari. Mtu alisema ameonekana kambini Mbarara. Mwingine alisema yupo Butembo, anafundisha kwa masista, ameoa. Mwingine akasema walimtupa mtoni, naye akautaja mto. Kila aliyekuja nilimkaribisha, nikampa chai, nikamuuliza, "Ulimwona wewe mwenyewe?" Kila mara jibu lilikuwa kwamba ameambiwa, na aliyemwambia naye aliambiwa. Mama yake Bwambale aliisikia ile habari ya Butembo, akaja kutoka Rukoki kunichukua nimsindikize kwenda kumtafuta. Tulivuka mto pamoja, tukafika, tukauliza kwa masista wote. Tuliporudi, akiwa amechoka na miguu imevimba, aliniambia, "Wewe ulijua hayupo. Tangu mwanzo uliuliza kama mtu asiyetaka awe hai." Nilimchotea maji ya kukandia miguu. Nilitaka awe hai kuliko alivyoweza kujua. Lakini sikuweza kuongeza kitu nisichokiona, kwa sababu mwanawe ndiye aliyenizuia, na hicho ndicho kitu pekee alichoniachia ambacho askari hawakukichukua pamoja na sanduku.

Baadaye niliolewa Bwera na mtu mwema, fundi cherehani, tukapata mvulana, Baluku. Kisha tukapata wa pili. Sikuchagua jina. Mkunga alitoka nje akalitangaza, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikageukia ukutani. Nimeliita jina hilo uani mwangu kila siku ya miaka mingi, njoo ule, Bwambale, njoo unawe, na mume wangu, ambaye alijua, hakuniuliza kitu hata mara moja.

"Shangazi," alisema mwalimu, mtoto wa kaka yao. Fundi alikuwa ameshakunywa maji, amekaa kwenye ukingo wa pikapu na patasi mkononi.

Niliwaambia. Niliwaambia alichokula, alichosema, askari walikuwa wangapi, gari lilielekea wapi. Nilipofika mwisho wa niliyoyaona, niliacha.

"Na halafu?" Masereka aliuliza.

"Halafu sijui."

"Lakini aliuawa, shangazi," mwalimu alisema. "Kila mtu anajua. Na aliuawa kwa sababu alikataa kunyenyekea. Mtu aliyesoma kiasi kile hatuwezi kumwandikia kwamba alikuwa anakula samaki."

"Alikuwa ananyenyekea," nilisema. "Alimwita afande kila mara. Alikuwa anamweleza."

"Watoto wa shule watasoma nini hapa?"

"Watasoma kilichotokea. Wasichokikuta, watauliza."

Masereka alitazama chini, akachora kitu kwenye vumbi kwa fimbo. Nilidhani atachukua upande wa mwalimu, na singemlaumu. Amesubiri jiwe hili tangu ujana wake. Alimwambia fundi, "Andika, alionekana mara ya mwisho Mpondwe." Fundi akauliza ni hayo tu. Masereka akasema ni hayo. Mwalimu aliondoka akaenda kusimama kwenye migomba, na mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe.

Alasiri katekista alikuja kuongoza sala. Ni kijana, aliletwa hivi karibuni. Alikuwa na utaratibu kwamba watoto wa nyumba ile waitwe kwa kufuatana, waliokufa na waliopo, na kwa kila jina mtu wa ukoo aweke udongo kidogo mbele ya jiwe. Aliita Baluku, na mwalimu akatoka migombani akaweka kwa niaba ya baba yake. Kisha akaita Masereka.

Masereka hakusogea. "Umeruka mmoja," alisema.

Katekista alijitetea kwa upole kwamba huyo ndiye tunayemwombea, jina lake liko kwenye jiwe, hawezi kuitwa pamoja na wanaoweka udongo. Masereka alisimama palepale, ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. "Mwite," akasema.

Katekista akaita, "Bwambale."

Wanaume watatu au wanne katika umati waliinua vichwa, mwanangu akiwa mmojawapo, kisha wakainamisha. Hakuna aliyejibu. Katekista alifungua mdomo aendelee, nami nikainua mkono kidogo ili asubiri, na akasubiri. Tulikaa kimya kwa muda ambao Bwambale wangu mwenyewe angengoja, akishauliza. Upepo ulipita kwenye migomba. Kisha nikashusha mkono, na katekista akaita Masereka.